Je, Wajua? Imani, Jina na Maana ya Maisha: Kutoka Mikese Hadi Copenhagen

Mikese iko mashariki ya mji wa Morogoro, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na kando ya Reli ya Kati, huku Milima ya Uluguru ikisimama upande wa kusini. Wengi wanaijua kwa kupita tu. Hata hivyo, kuna swali zito lililowakosesha usingizi wanafalsafa wa Kikristo wa Ulaya: mtu mmoja, mwenye jina lake na kifo chake, anaishi kwa ajili ya nini, na anamwamini Mungu kwa namna gani? Swali hilo lilipita Mikese pia, likiwa limebebwa kichwani. Wahakiki wa Kiswahili huiita falsafa hiyo udhanaishi, na tawi lake la Kikristo lina mambo mengi ambayo msomaji wa huku atayaona si mageni hata kidogo.

1. Je, wajua kuwa Mikese ilikuwa bohari ya vita?

Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916. Wajerumani, chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck, walirudi nyuma kuelekea Kisaki na bonde la Rufiji. Kuwafuata kulihitaji chakula, risasi na dawa, na stesheni ya Mikese ikawa mahali pa kushushia shehena kutoka kwenye treni na kuiingiza njia ya kusini, kuelekea Duthumi. Mbung'o waliua farasi, punda na ng'ombe. Mvua za mwanzoni mwa 1917 ziligeuza njia ya magari kuwa tope. Kilichobaki kikawa vichwa na mabega ya wapagazi.

Hesabu ya kazi ile ilikuwa katili. Mpagazi lazima ale, na kadiri njia inavyorefuka ndivyo sehemu kubwa zaidi ya shehena inavyoliwa na wale wanaoibeba. Kwa hiyo walitakiwa wapagazi wengine wa kuwabebea posho wapagazi wa kwanza, na wengine tena nyuma yao. Kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa viliwamaliza kuliko risasi. Kwa vita vyote vya Afrika Mashariki, wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kufikia milioni moja. Walihesabiwa kwa maelfu, kama magunia waliyoyabeba, na wengi walizikwa kando ya njia bila alama yoyote.

2. Je, wajua kuwa miaka ileile, huko Paris, kadi za waliopotea vitani zilimbadilisha mwanafalsafa?

Gabriel Marcel alizaliwa Paris mwaka 1889. Afya yake haikumruhusu kwenda vitani, akapewa kazi Msalaba Mwekundu: kutafuta habari za askari waliopotea. Kila askari alikuwa na kadi yake, ikiwa na jina, kikosi na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Lakini mlangoni walikuja mama, wake na baba waliotaka jibu, na mara nyingi Marcel ndiye aliyepaswa kuwaambia kwamba mwana wao hatarudi. Mbele ya machozi yale, kadi haikuweza kubaki kadi. Ikawa mtu.

Sehemu kubwa ya falsafa yake ilitoka pale. Marcel alifundisha kwamba kuna mambo ambayo ni matatizo: yako mbele yangu, nayapima, nayatatua, naendelea na safari. Na kuna mambo ambayo ni mafumbo: mimi mwenyewe nimo ndani yake, siwezi kujitoa nje ili niyapime. Gari lililoharibika njiani ni tatizo. Kifo cha mama yangu, ndoa yangu, uhai wangu na Mungu wangu ni mafumbo. Anayeyageuza mafumbo kuwa matatizo humgeuza binadamu kuwa kadi. Wapagazi wengi wa Mikese hawakukumbukwa hata kwa kadi, na ndugu zao hawakuwa na dirisha la kwenda kuuliza.

3. Je, wajua kuwa Marcel aliamini kwa sababu aliulizwa swali?

Alilelewa katika nyumba isiyo na dini. Mama yake alifariki yeye akiwa hajatimiza miaka minne, na baba yake hakuwa mtu wa kanisa. Akiwa mtu mzima aliandika kwa heshima kuhusu imani ya wengine, mpaka mwandishi François Mauriac alipomwuliza kwa barua kwa nini basi yeye mwenyewe si mmoja wao. Marcel aliona kwamba swali lile lilimtaka atoe jibu lake, wala nadharia haingemjibia. Alibatizwa Mkatoliki mwezi Machi 1929, akiwa na miaka 39.

Mwezi Oktoba 1945, katika mhadhara wake maarufu wa Paris, Jean-Paul Sartre aliwagawa wadhanaishi makundi mawili: wasioamini, akiwemo yeye, na Wakristo, akiwemo Marcel. Baadaye Marcel aliikataa chapa hiyo, akapendelea kuhesabiwa katika ukoo wa Socrates, mzee wa kuuliza maswali.

4. Je, wajua kuwa Ibrahimu aliandikwa upya Copenhagen na Mombasa karibu wakati mmoja?

Mwaka 1843 Søren Kierkegaard, Mdenmark wa miaka 30, alichapisha kitabu cha *Hofu na Kutetemeka* kuhusu Ibrahimu anayepanda mlimani na mwanawe. Mwaka uliofuata, mwezi Juni 1844, mmisionari Johann Ludwig Krapf alianza Mombasa kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, kitabu kilekile chenye kisa cha Ibrahimu. Mwezi mmoja tu baadaye, Julai 1844, mkewe Rosina na binti yao mchanga walifariki kwa homa. Kaburi lao liko Nyali. Kwa Krapf, kisa cha baba kumtoa mwanawe hakikuwa somo la darasani. Naye aliendelea na kazi.

Kierkegaard aliona nini kwa Ibrahimu? Aliona mtu asiyeweza kumweleza mtu yeyote analofanya, wala Sara, wala mtoto mwenyewe. Sheria ya maadili inamkataza, akili inamkataza, na hata hivyo anatembea siku tatu huku akiamini kwamba Mungu atamrudishia mwanawe hapahapa duniani. Huko ndiko kuamini: mtu mmoja mbele ya Mungu, bila wa kumwombea udhuru. Kierkegaard akaongeza jambo la ajabu. Mtu wa imani ya namna hiyo, ukimwona, anafanana na mtoza ushuru anayerudi nyumbani jioni akiwaza mkewe amepika nini. Ukipishana naye stendi, humtambui. Nao majirani Waislamu wa Morogoro humkumbuka Ibrahimu huyuhuyu kila Idi ya kuchinja, kwa hiyo hakuna haja ya kwenda Denmark ili kulielewa jambo hili.

5. Je, wajua kuwa Kierkegaard alificha jina lake ili msomaji apate la kwake?

Vitabu vyake vingi maarufu havikutoka kwa jina lake. *Hofu na Kutetemeka* kilitiwa sahihi ya Johannes de silentio, yaani Yohane wa Ukimya. Kitabu cha 1849 kuhusu kukata tamaa kilitolewa kwa jina la Anti-Climacus. Hakuwa anajificha kwa woga. Hakutaka mtu aseme, "Nimeamini kwa kuwa Kierkegaard kasema." Alimwachia msomaji mitazamo inayogombana, kisha akamwacha achague mwenyewe.

Naye alijua gharama ya kuchagua. Mwaka 1841 alivunja uchumba wake na Regine Olsen, msichana aliyempenda kwa dhati, na kidonda kile kinaonekana katika karibu kila alichoandika baadaye.

6. Je, wajua kuwa Kierkegaard na walokole walipiga kengele moja?

Denmark ya wakati wake ilikuwa na kanisa la serikali, na mtu alihesabiwa Mkristo karibu kama alivyohesabiwa raia: umezaliwa hapa, basi wewe ni Mkristo. Kierkegaard alisema Ukristo wa namna hiyo umefuta Ukristo wenyewe. Mwaka 1855 alitoa mfululizo wa vijarida vikali dhidi ya uongozi wa kanisa. Mwezi Oktoba alianguka barabarani, na tarehe 11 Novemba akafa, akiwa na miaka 42, baada ya kukataa kupokea sakramenti kutoka kwa mchungaji mwajiriwa wa serikali.

Miaka ya 1930, uamsho uliwaka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kagera, Kenya na kwingineko. Waliookoka waliitwa walokole. Watu waliokuwa wamebatizwa tangu utotoni walisimama mbele ya wenzao, wakataja dhambi zao kwa midomo yao, wakarudisha mali walizoiba na kuomba msamaha kwa waliowakosea. Ujumbe wao ulikuwa kwamba cheti cha ubatizo hakiamini kwa niaba ya mtu. Miongoni mwa waliookoka katika uamsho huo, mwaka 1948, ni Janani Luwum, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Anglikana Uganda na kuuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, baada ya yeye na maaskofu wenzake kupinga maovu ya serikali ile.

Tofauti moja inatufaa sana. Kierkegaard alipigana peke yake. Walokole waliutafuta ukweli wa nafsi wakiwa wamekaa duara, mmoja akisema na wengine wakimsikiliza.

7. Je, wajua kuwa Pascal alishona imani yake ndani ya koti?

Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, karibu karne mbili kabla ya Kierkegaard, Blaise Pascal, bingwa wa hisabati wa Ufaransa, alipata tukio la kiroho lililodumu kama saa mbili. Aliliandika kwenye karatasi, akaishona kwenye bitana ya koti, na kila alipobadili nguo aliihamisha. Hakumwambia mtu. Mtumishi aliigundua baada ya Pascal kufa mwaka 1662, akiwa na miaka 39. Huyu ndiye mtu aliyetengeneza mashine ya kujumlisha akiwa kijana. Hesabu aliijua vizuri kiasi cha kujua mwisho wake uko wapi.

8. Je, wajua kuwa babu wa falsafa hii ni Mwafrika?

Agostino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika Algeria ya leo. Katika *Maungamo*, aliyoyaandika karibu na mwaka 400, alifanya jambo ambalo waandishi wachache walikuwa wamelithubutu: alimsimulia Mungu maisha yake mwenyewe, wizi wa matunda, tamaa za ujana, machozi ya mama yake Monika na kifo cha rafiki kilichomfanya ajione kuwa fumbo kwake mwenyewe. Waandishi wengi wa udhanaishi wa Kikristo wamekunywa kwenye kisima hicho.

9. Je, wajua kuwa mzee wa Kimaasai alimsahihisha padre kuhusu imani?

Shirika la Roho Mtakatifu lilifika Bagamoyo mwaka 1868, likapanda bara: Morogoro 1882, Tununguo 1884, Matombo 1897. Karibu karne moja baadaye padre wa shirika hilohilo, Mmarekani Vincent Donovan, alifanya kazi kwa Wamaasai wa Loliondo. Katika kitabu chake cha 1978 anasimulia jinsi mzee mmoja alivyomweleza kwamba kuamini anakokuhubiri kunafanana na mzungu kumpiga mnyama risasi kwa mbali: ni macho na vidole tu vinavyofanya kazi. Imani ya kweli, alisema mzee, ni kama simba anapowinda. Pua, macho, masikio, miguu na kucha, vyote vinaingia, mpaka anamkumbatia mnyama na kumfanya sehemu yake.

Kisha mzee akaupindua mfano wake mwenyewe. Akasema walidhani wao ndio simba waliokuwa wakimwinda Mungu, kumbe simba ni Mungu, na aliyekuwa akiwindwa ni mtu. Marcel aliyepelekewa swali kwa barua angemwelewa mzee huyu mara moja.

10. Je, wajua kuwa mwalimu wa ujasiri alitoka kuzika vijana?

Mwaka ambao wapagazi walianza kuteremka kutoka Mikese, Mlutheri Paul Tillich alikuwa kasisi wa jeshi la Ujerumani huko Verdun, akizika vijana mfululizo. Aliporudi, maneno ya dini aliyokwenda nayo hayakumtosha tena. Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulimfukuza kazi ya ualimu, akahamia Marekani. Mwaka 1952 alitoa *Ujasiri wa Kuwa*, akifundisha kwamba mtu anatishwa na vitu vitatu: kifo, hatia na utupu wa maisha yasiyo na maana. Imani kwake ni ujasiri wa kusimama huku vitisho hivyo vikiwepo. Shaka imo ndani ya imani hai, wala haiifukuzi.

11. Je, wajua kuwa Kiswahili kina riwaya yake ya kukata tamaa?

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alisoma seminari kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1974 alitoa *Kichwamaji*, riwaya ya kijana msomi Kazimoto, anayetafuta maana ya maisha kijijini na mjini, asiipate, na mwishowe anajiua. Wahakiki wengi wanaisoma kama riwaya ya udhanaishi, ndugu wa maandishi ya waandishi wa Kifaransa Camus na Sartre.

Kezilahabi hakuandika ili kuhubiri, na hatupaswi kumbatiza kwa nguvu. Lakini msome sambamba na kitabu cha Kierkegaard cha 1849. Kierkegaard anasema kukata tamaa ni kutotaka kuwa mtu uliye, na kwamba aina yake iliyoenea zaidi ni kukata tamaa bila kujijua, mtu akila, akicheka na kufanya kazi kama kawaida. Kazimoto angalau analijua jeraha lake. Mkristo anayemdharau Kazimoto hajajiuliza sawasawa. Kezilahabi alifariki Januari 2020, na swali lake bado linawangoja vijana wa vyuo vya Morogoro.

12. Je, wajua kuwa marehemu huishi maadamu kuna anayelijua jina lake?

Hivyo ndivyo John Mbiti, mwanateolojia wa Kianglikana kutoka Kitui, Kenya, alivyoieleza imani ya jamii nyingi za Kiafrika katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kuelezea wakati. Aliyekufa anabaki katika Sasa kwa kadiri walio hai wanavyomkumbuka kwa jina. Akifa mtu wa mwisho aliyemfahamu, anazama katika Zamani. Wasomi wengine, kama Mghana Kwame Gyekye, walimpinga katika madai yake kuhusu wakati ujao, na mjadala huo una uzito wake. Lakini juu ya jina, bibi yeyote wa Uluguru anajua kinachozungumzwa. Mluguru huzaliwa ndani ya lukolo, ukoo wa mama, na hawezi kujieleza bila kuutaja.

Hapa ndipo Kierkegaard na Mbiti wanapohitajiana. Kierkegaard anatukumbusha kwamba hakuna ukoo wala kanisa litakaloitika kwa niaba yangu nitakapoitwa. Mbiti anatukumbusha kwamba jina ninaloitiwa nilipewa na wengine, na wengine ndio watakaolitunza nikishaondoka. Imani ni kuitika kwa jina lako. Upendo ni kukataa jina la mwenzako lipotee.

13. Je, wajua kuwa maswali haya hufundishwa karibu na Mikese?

Chuo Kikuu cha Jordan kilichopo Morogoro kilianzia miaka ya 1990 kama taasisi ya shirika la Wasalvatoriani ya falsafa na teolojia. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki, mseminari husoma falsafa si chini ya miaka miwili katika safari yake ya upadre. Papa Yohane Paulo II naye, katika waraka wake wa mwaka 1998 kuhusu imani na akili, aliwataja kwa sifa Pascal na Kierkegaard, Mkatoliki na Mlutheri, kwa kuikemea akili inayojivuna kwamba inatosha peke yake.

14. Je, wajua kuwa hesabu ya wapagazi haijafungwa?

Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Njia ya Mikese imo katika hesabu hiyo.

Morogoro inajua pia uzito wa kulirudisha jina. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lililipuka Msamvu na kuua watu zaidi ya 100. Waliokuwa hawatambuliki walichukuliwa sampuli za vinasaba kabla ya kuzikwa, ili ndugu wapate kuwajua watu wao. Kazi ile ni ndugu wa kazi ya Marcel na kadi zake: kukataa mtu aondoke akiwa namba.

Baadhi ya majina ya wapagazi bado yanaweza kupatikana. Huenda yamo katika daftari za ubatizo za parokia kongwe, katika kumbukumbu za koo, na katika vinywa vya wazee waliosimuliwa na baba zao nani alichukuliwa na hakurudi. Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, waumini huandika majina ya watu wao na kuyapeleka kanisani. Muulize babu au bibi yako kabla ya siku hiyo, andika jina la mpagazi wa ukoo wenu, na ulipeleke lisomwe pamoja na mengine.